Nina miaka 31 na nilitolewa kambini nikiwa na 17. Je, nimechelewa kukimbia?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Babati, nina miaka 31. Nikiwa kidato cha tatu nilikimbia mita 3,000 kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nikachukuliwa kwenye kambi ya wakimbiaji. Baada ya miezi mitano mfupa wa muundi ukapata ufa. Nikapumzishwa, nikarudi, ukapata ufa tena palepale. Nikaambiwa mwili wangu si wa mbio, nikarudishwa nyumbani. Nilikaa miaka 12 bila kukimbia. Mwaka juzi nilianza tena taratibu, mara tatu kwa wiki, na mwaka huu nikaingia nusu marathoni, nikamaliza kwa saa 1 na dakika 24. Watu walishangaa, na mimi nilishangaa. Mume wangu anasema umri umeshakwenda, nisije nikajiumiza bure. Je, nimechelewa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa naitazama ile saa 1 na dakika 24, maana macho ya kocha hukimbilia muda. Mara ya tatu nikasimama kwenye maneno mengine: "nikaambiwa mwili wangu si wa mbio." Nitaanzia hapo. Hilo lisipotoka njiani, hata nikikupangia mazoezi mazuri namna gani, utakuwa unakimbia huku unamsikiliza mtu aliyekosea miaka 14 iliyopita.

Nikuulize maswali ambayo sidhani kama kuna aliyekuuliza wakati ule. Ukiwa kambini, ulikuwa unaziona siku zako kila mwezi? Asubuhi kabla ya kutoka kukimbia, ulikuwa umekula nini? Ukirudi, ulikula saa ngapi? Na kabla ya kambi ulikuwa unakimbia mara ngapi kwa wiki, kisha ulipofika ikawa mara ngapi?

Nauliza huku jibu nalikisia, kwa sababu kambi za namna hiyo nimeziishi, kwanza nikiwa mkimbiaji, baadaye nikiwa kocha. Binti anatoka shuleni alikozoea kukimbia mara tatu kwa wiki. Ndani ya wiki mbili anapewa mazoezi mara mbili kwa siku, siku sita. Anaamka alfajiri, anakunywa chai ya rangi, labda na kipande cha mkate, anatoka na dada zake wa miaka 25 na anatakiwa asiachwe. Chakula cha kushiba cha kwanza anakiona saa saba mchana. Mwili wake bado unajenga mifupa, ila kinachoingia tumboni chote kinaishia barabarani. Mwili ukiona hivyo unaanza kubana matumizi, na moja ya mambo ya kwanza kusimamisha ni hedhi. Nimewahi kuwasikia makocha wakilisifu hilo, eti binti ameiva kwa mazoezi. Hapana, ana njaa. Hedhi ikikatika kwa sababu ya njaa, homoni ya kike inayolinda mifupa imeshapungua, na mifupa inalegea kimyakimya wakati mazoezi yanazidi. Ufa kwenye muundi hauko mbali. Ukimpumzisha wiki nne kisha ukamrudisha kwenye sahani ileile na ratiba ileile, utapasuka tena palepale. Linganisha na ulichoniandikia.

Nilifanya kosa hilo kwa mikono yangu. Nilikuwa kocha kijana, nina binti wa miaka 16 aliyepanda mlima kama mbuzi. Akaanza kulalamika mguu. Nikampa siku kumi, akarudi, akalalamika tena. Kwenye daftari langu niliandika maneno mawili: "mifupa dhaifu". Nikamwambia arudi shule, na niliamini namtendea wema. Miaka kadhaa baadaye nilikaa kwenye mafunzo ya makocha, daktari akachora ubaoni duara la chakula, hedhi na mifupa, na nikamwona binti yule pale ubaoni. Nilimtafuta hadi nikampata, nikamwomba radhi. Alinisamehe. Lakini hakurudi tena kukimbia, na daftari lile ninalo mpaka leo. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba hukumu uliyopewa kambini haikuwa ya mwili wako, sikufariji. Ilikuwa hukumu ya ratiba na sahani, ikaandikwa kwa jina lako.

Sasa tuje kwenye umri.

Wakimbiaji wa mbio ndefu tuna umri wa aina mbili. Kuna umri wa cheti cha kuzaliwa, na kuna umri wa miguu, yaani miaka ambayo mwili umekuwa ukifanya mazoezi mfululizo. Cheti chako kinasema 31. Miguu yako ina miaka miwili, kwa mara tatu za wiki. Shemeji anakisoma cheti, mimi natazama miguu, na ndiyo maana hatukubaliani.

Katika mita 800 au 1,500 ningekuwa upande wake. Kasi ya kuchomoka ni mali ya ujana, ikishaondoka haibembelezwi. Marathoni ina hesabu nyingine. Uwezo wa mapafu na moyo kupeleka oksijeni kwenye misuli hufika kileleni mapema, kisha hushuka polepole sana kwa mtu anayeendelea kufanya mazoezi. Wakati huo yapo mawili ambayo yanaendelea kukua hata baada ya miaka 30: kasi unayoweza kuishikilia kwa muda mrefu kabla miguu haijaanza kuwaka, na ule ubanaji wa nguvu unaomfanya mkimbiaji mkongwe apite kana kwamba anatembea huku kijana aliye pembeni yake anahema. Hayo huja kwa kilomita nyingi za pole, mwaka juu ya mwaka, na hakuna kijana mwenye haraka aliyewahi kuyapata kwa msimu mmoja.

Wewe uko Babati, kwa hiyo John Stephen Akhwari wa Mbulu ni jirani yako. Picha yake ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, bandeji mguuni, akiingia uwanjani wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, hakuna mtu wa riadha nchini asiyeijua. Sasa waulize watu hao alifanya nini baada ya pale. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akashika nafasi ya 5. Alikuwa na miaka 32. Sisi tumeikumbatia mbio aliyoumia, na ile aliyokimbia vizuri baada ya goti kupona tumeiacha. Ningekuwa na uwezo, mbio ya Edinburgh ndiyo ningeibandika kwenye ukuta wa kila kambi.

Kwa upande wa wanawake, mfano ninaoupenda zaidi ni Edna Kiplagat wa Kenya. Mwaka 1996 alichukua medali ya fedha ya dunia ya vijana katika mita 3,000, mbio yako ileile, na mwaka 1998 akachukua shaba. Kila mtu angetarajia mbili tatu zinazofuata ziwe medali za wakubwa. Hazikuja. Ilipita zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2010, akiwa na miaka 30 na tayari ni mama, alishinda marathoni ya Los Angeles, na kabla mwaka haujaisha akashinda ya New York. Akawa bingwa wa dunia mwaka 2011, akautetea ubingwa mwaka 2013, kisha mwaka 2017 akashinda Boston akiwa na miaka 37. Msichana wa mita 3,000 alikuwa mwanamke wa kilomita 42 tangu mwanzo, ila hakukuwa na njia ya kulijua hilo akiwa na miaka 17. Eliud Kipchoge naye alihamia barabarani baada ya kukosa timu ya Kenya ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Angeipata nafasi ile ya uwanjani, sijui angeondoka lini.

Halafu kuna Constantina Dita wa Romania, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2008 akiwa na miaka 38, na Helalia Johannes wa Namibia, shaba ya dunia kule Doha mwaka 2019 akiwa na miaka 39. Nawataja kwa haraka ili shemeji ajue kwamba Kiplagat hayuko peke yake.

Kwa Alphonce Simbu sitakwenda haraka, kwa sababu yeye ni wetu na kwa sababu ile asubuhi ya Tokyo bado haijanitoka. Simbu, mtoto wa Singida na askari wa JWTZ, alishika nafasi ya 5 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25, akachukua shaba ya dunia kule London. Baada ya hapo nchi nzima ikakaa ikisubiri dhahabu, na dhahabu ikawa haiji. Olimpiki iliyofanyika mwaka 2021 alikuwa wa 7. Birmingham mwaka 2022 alipata fedha ya Jumuiya ya Madola. Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, alimaliza wa 17, ana miaka 32. Mtu angekuonyesha orodha hiyo bila jina, wewe mwenyewe ungesema huyu anashuka.

Aprili 2025 akakimbia Boston kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4, akawa wa pili. Septemba 15 mwaka huohuo ikaja marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Nilikaa sebuleni na vijana wangu wanne, sauti ya televisheni tumeipunguza ili tusiamshe majirani. Wanaingia uwanjani, aliye mbele ni Amanal Petros wa Ujerumani, na kwa jinsi alivyokuwa anakimbia nilishaanza kujiambia fedha si haba. Simbu akatoka kwa nje. Tazama tena picha zake ukipata nafasi, tazama mabega. Mtu aliyekwisha kukimbia kilomita 42 kwenye joto lile kwa kawaida mabega hupanda hadi masikioni. Yake yalikuwa chini, mikono inakwenda kama ya mtu anayekimbia mita 400. Petros akajirusha kwenye mstari, wote wawili wakapita, na hakuna aliyejua nani ameshinda, hata wao. Tukangoja picha ya mstari wa mwisho. Muda wao ulikuwa mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kati yao kulikuwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Simbu. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Majirani tuliwaamsha.

Mabega yale ndiyo ninayotaka uyaone. Kule kuchomoka kwa mwisho alikuwa nako kwa sababu kilomita 42 za kwanza zilimgharimu kidogo kuliko wenzake, na hilo ndilo tunda la miaka. Mtu wa 17 wa Paris na bingwa wa Tokyo ni mtu mmoja, na kati yao kuna miezi 13.

Sasa nikwambie ukweli ambao hautakufurahisha, maana ningekuficha ningekuwa nakutendea kama yule aliyekurudisha nyumbani. Kiplagat na Simbu walipofika miaka 30 walikuwa na miguu ya miaka kumi na zaidi. Wewe una ya miaka miwili. Nusu marathoni ya saa 1 na dakika 24 ni wastani wa dakika 3 na sekunde 59 kwa kilomita. Ukiigeuza marathoni, kwa mwili ulioandaliwa, inakupa kama saa 2 na dakika 56 hivi. Muda wa kufuzu Tokyo 2025 kwa wanawake ulikuwa saa 2, dakika 23 na sekunde 30, yaani dakika 3 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Umbali huo si wa kufumba macho. Sikuahidi jezi ya taifa.

Hata hivyo nusu marathoni ya saa 1 na dakika 24 kwa mazoezi ya mara tatu kwa wiki, baada ya uzazi mara mbili, siioni kila siku. Ninao wasichana wanaofanya mazoezi siku sita na hawaufikii muda huo. Ukiniuliza bila kunizungusha, nadhani ukijengwa vizuri unaweza kushuka chini ya saa 1 na dakika 17 ndani ya misimu miwili au mitatu. Ukifika hapo, mashindano ya barabarani ya ndani yanaanza kukulipa, majina yanaanza kukujua, na swali la mbali zaidi ya hapo tutalijibu tukiwa na takwimu zako mkononi. Kwa hiyo, hujachelewa. Kwa mita 3,000 ndiyo, umechelewa, na mbio hiyo iliondoka na ujana wako. Kwa barabara bado uko asubuhi.

Kabla ya mazoezi yoyote, damu. Nenda kapime wingi wa damu, na ikiwezekana uombe kipimo cha akiba ya madini ya chuma, kwa sababu wingi wa damu unaweza kuonekana sawa wakati akiba imekauka. Mwanamke anayekimbia, anayepata hedhi, aliyezaa, anayeishi kwenye mazingira ya malaria na minyoo, anapoteza chuma kwa milango minne. Nimewaona wakimbiaji wakibadilishiwa kocha, viatu, mpaka imani, kumbe tatizo lilikuwa damu. Dawa za chuma usizimeze kwa kukisia, subiri majibu. Chakula unaweza kuanza leo: dagaa, maharage, mboga za majani, nyama ikipatikana, na kipande cha chungwa au limau pembeni, kwa sababu husaidia mwili kukinyonya chuma. Chai iondoe mezani. Najua kwetu wali maharage bila chai huonekana haujakamilika, lakini chai inakizuia chuma kisiingie. Inywe saa moja baada ya kula.

Kuhusu hedhi, iandike kwenye kalenda kila mwezi, kama unavyoandika kilomita. Ikikosekana miezi miwili mitatu na huna mimba, punguza mazoezi, ongeza chakula, nenda hospitali. Kuna jambo moja hapa. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, hedhi inaweza kukatika kwa sababu ya sindano yenyewe, kwa hiyo dalili hiyo unakuwa huna. Sindano hiyo pia inaweza kupunguza uimara wa mifupa kwa wanaoitumia muda mrefu. Usiiache kwa sababu yangu. Mweleze muuguzi kwamba unakimbia na uliwahi kupata ufa mara mbili mahali pamoja, muulize njia nyingine inayokufaa.

Muundi wako tutauheshimu. Maumivu ya misuli hutapakaa, huwezi kuyashika kwa kidole kimoja, na ukipasha mwili moto hupungua. Ufa una mahali pake. Ukibonyeza kwa kidole unasema hapa, na ukirukaruka kwa mguu ule mmoja panachoma. Ukiona hivyo hata siku moja, siku hiyo hukimbii, na wala hutafuti dawa ya maumivu ili ukimbie.

Mazoezi yenyewe ni ya kuchosha kuyasimulia kwa sababu ni mepesi. Kwa miezi minne ya kwanza unatoka siku tatu unakwenda nne, kisha tano, na karibu zote ni mbio za kuzungumza, yaani ukiwa na mwenzako mnapiga soga bila kukata sentensi. Kwako hiyo ni kama dakika 5 na sekunde 30 kwa kilomita, na nina hakika kwa sasa unakimbia kwa kasi zaidi ya hapo kila siku. Karibu wote wanaojifundisha wenyewe hufanya hivyo. Wiki ya kilomita 50, 40 ziwe hizo za soga. Kila wiki ongeza kilomita nne au tano, si zaidi, na kila wiki ya nne rudi chini upumzike. Siku moja tu ya wiki iwe ya mlima au ya kasi ya kushikilia. Moyo utakudanganya hapa. Moyo na mapafu hupata nguvu kwa wiki chache, kano na mifupa huhitaji miezi, na hapo katikati ndipo watu wanapovunjika wakiwa na furaha zao.

Nguvu za miguu huna haja ya jimu. Simama kwenye ngazi au tofali, nyanyua visigino polepole na kushuka polepole, mara 15, awamu tatu. Ikiwa rahisi, fanya umeshika ndoo ya maji. Na kwa kuwa umezaa mara mbili, kama unavuja mkojo kidogo ukikimbia au ukikohoa, usione aibu wala usidhani ndivyo uzazi ulivyo. Ni misuli ya chini ya nyonga, inayoshikilia kibofu, imelegea, inafanyiwa mazoezi na inarudi. Wanawake wengi wameacha kukimbia kwa ajili ya hilo tu na hawakumwambia mtu.

Marathoni kamili usiiguse mwaka huu. Kilimanjaro Marathon ina nusu yake, nenda pale Moshi ukajipime, uone jinsi kupanda kule kunavyochagua watu. Kilomita 42 tutazizungumza mwaka wa pili.

Kitu kingine. Ukianza kushinda, atatokea mtu. Atakuja kwa upole, atakusifia, atakwambia wenzako wote wanatumia, ni vitamini tu, sindano moja. Mwaka 2021 Edna Kiplagat alimaliza wa pili Boston, karibu kutimiza miaka 42. Baadaye aliyemtangulia akafutiwa matokeo kwa dawa zilizokatazwa, na ubingwa ukaenda kwa Kiplagat. Jina lake linasomeka pale kwenye orodha ya washindi, lakini utepe hakuukata yeye, na shangwe za mtaa ule wa mwisho hazikuwa zake. Yule mtu akija, mfukuze.

Mwisho, shemeji. Sidhani kama anakupinga. Alikuona ukisimulia habari za mfupa, anaogopa. Usimpelekee habari za Tokyo, mpelekee saa. Mazoezi haya yanahitaji kama saa saba kwa wiki, na kati ya hizo tano ni alfajiri wakati watoto wamelala. Kaeni muulizane nani anapika uji siku unazotoka, nani anampeleka mdogo shule, na ile siku ya mbio ndefu ni siku gani isiyogongana na kazi yake. Nimewapoteza wakimbiaji wazuri wengi zaidi kwa ajili ya uji wa asubuhi kuliko kwa ajili ya majeraha. Mwambie pia aje siku moja na baiskeli pembeni yako, kilomita kumi, akuone unavyokimbia. Wengi hubadilika hapo.

Majibu ya damu yakitoka, niandikie namba zote mbili, wingi wa damu na akiba ya chuma, na unieleze ule ufa wa pili ulikuwa upande gani wa muundi, wa mbele au wa ndani. Ratiba ya wiki sita za mwanzo nitaipanga nikishajua hayo.